Leo Kuna Baruti

Mwanamume ambaye mtaa mzima ulimwita Baruti alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na neno moja. Neno lenyewe ni mlipuko. Aliliona ni mali yake, kama fundi cherehani anavyouona mkasi wake, na kila aliyelitumia bila ruhusa alikuwa mwizi tu.

Gari la watu wa afya likipita na kipaza sauti kutangaza mlipuko wa ugonjwa wa kuhara, Baruti alitoka mlangoni na kikombe cha chai, akalitazama mpaka likapinda kona.

“Kuhara ni kuhara,” alisema. “Nani katoboa shimo hapo? Utambi uko wapi?”

Tairi la baiskeli likimpasukia mtu mbele ya duka, watu wakasema limelipuka, yeye alisahihisha kwamba limepasuka. Mke wa jirani akimkoromea mumewe hadi sufuria zikaruka ukuta, watu wakasema leo mama kalipuka, Baruti alitikisa kichwa. Hakuna aliyepiga filimbi kuwatahadharisha wapita njia, sasa huo ni mlipuko gani?

Lakini aliyemuuma hasa ni shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi ujenzi. Huyu bwana alijulikana kote kwa kulipua kazi. Choo alichowajengea nyumbani kilikuwa na mlango unaofungukia ndani na kugonga magoti ya aliyeketi, kwa hiyo uliingia kinyumenyume, ukaketi, halafu ukamwomba mwenzako akufungie kwa nje. Watu wakisema, “Shemeji yako kalipua tena,” Baruti alichemka, wala si kwa ajili ya choo.

“Msinitukanie kazi. Kulipua ni kupima. Unapima shimo, unapima utambi, unapima na upepo. Huyu hakupima hata magoti.”

Yeye mwenyewe alikuwa mlipuaji wa mawe machimboni. Usidhani alikuwa pande la mtu. Alikuwa mfupi, mkavu kama ukuni, na nyusi zake zilikwisha kuungua na kuota upya mara nyingi hata hazikukubaliana tena zielekee wapi. Alikuwa pia na hasira za karibu, na hapo ndipo habari yake inapoanzia.

Machimboni kulikuwa na sheria aliyoikuta: mwenye hasira hashiki fataki za kulipulia. Kila asubuhi ya kulipua, nyapara alimsimamisha mbele yake.

“Nyumbani?”

“Salama.”

“Mama watoto?”

“Salama.”

“Nyoosha mikono.”

Akainyoosha, nyapara akaikodolea macho kama mtu anayenunua yai. Vidole vikicheza hata kidogo, Baruti alirudishwa nyumbani na mwamba ukangoja. Ilitokea mara moja. Alikuwa ametibuana na mkewe asubuhi kwa sababu ya beseni la maji machafu lililomwagwa mlangoni, na mikono yake mbele ya nyapara ikatetemeka kama majani. Kufika nyumbani bila ujira, mkewe hakulaumu. Aliketi juu ya gunia la mkaa, maana alikuwa akiuza mkaa ubavuni mwa nyumba, akafikiri, akaweka sheria yake.

Tangu hapo, siku ya baruti nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Hakuna kumwambia bei ya kitu. Hakuna kumwambia nani kasema nini. Hakuna kumwambia kuku kafa. Kuku akifa, amelala. Mgeni akibisha hodi na uso wa shari, binti yao alimwahi mlangoni, akamnong’oneza, “Baba ana baruti.” Mgeni alielewa, akarudi na shari yake kwao.

Siku zisizo za baruti ziliitwa siku za maneno. Jioni za siku hizo Baruti alikuta foleni inamngoja sebuleni kama ya zahanati. Mke ana lake, binti ana lake, shemeji ana lake, jirani kaja na ushahidi wa mbuzi. Maneno yakamwagwa, yakabishaniwa, watu wakafokeana, wakalala. Ilikuwa nyumba yenye kelele zake kwa zamu, na zamu hizo zilimfaa kila mtu.

Halafu machimbo yakahamia nyuma ya vilima, mbali hata wafanyakazi wakawa wanachukuliwa na lori, na mlio haukufika tena mtaani. Huko nyuma ya vilima, siku moja, ikashushwa mashine yenye mkono mrefu na mdomo wa chuma. Mashine ikauinamia mwamba ikaanza kuudonoa, ko-ko-ko-ko, kutwa nzima, kama kuku mwenye njaa na kisirani. Mwamba ukavunjika. Haukunguruma wala haukuruka, na hapakuwa na mtu wa kujificha nyuma ya kitu. Ulivunjika tu, kama mtu aliyechoka kesi akasema yaishe.

Nyapara alimvuta Baruti pembeni.

“Mzee mwenzangu, wakubwa wameamua. Baruti basi.”

“Basi leo?”

“Basi kabisa.”

“Na mimi?”

“Wewe tumekupa maji.”

Maji yenyewe yalikuwa mpira mrefu uliounganishwa na tangi. Mashine ikidonoa, vumbi linapanda, na kazi ya Baruti ikawa kulinyeshea vumbi lisimwingie dereva machoni. Mtu aliyekuwa akipasua mlima sasa aliumwagilia kama bustani. Wenzake hawakumhurumia.

“Vipi, Baruti, maua yameota?”

“Yatakayoota ni ya kaburi lako,” alijibu, akawanyeshea na wao.

Nyapara hakumwuliza tena habari za nyumbani. Mtu wa maji anaruhusiwa kuwa na hasira. Hilo ndilo lililomchoma kuliko kejeli zote, kwamba sasa angeweza kuamka amevurugwa kichwa chote na hakuna jiwe ambalo lingejali.

Jioni ile alirudi akiwa amekusudia kusema. Ilikuwa siku ya maneno na foleni ilikwisha kujipanga. Shemeji alikuwa kwenye kiti cha mbele, na hilo peke yake ni ishara mbaya. Mkewe akavuta pumzi, akafungua mdomo.

“Kesho kuna baruti,” Baruti akasema.

Hakuwa amepanga. Ulimi uliteleza wenyewe. Mdomo wa mkewe ukafunga. Shemeji akainuka, akapangusa suruali. “Basi tutaongea siku nyingine, shem.” Chakula kikaja kimya kimya, na pande zuri la nyama likiwa upande wake. Baruti alikula akisikia meno yake mwenyewe yakitafuna. Raha iliyoje.

Uongo ule ulikuwa mtamu kama usingizi wa alfajiri, na kama mwenye usingizi huo, alisema kidogo tu, kidogo tu. Akaanza kulipua kila siku. Alilipua Jumatatu, alilipua Ijumaa. Alilipua sikukuu, akidai ni dharura, ilhali siku hizo alikwenda kuketi nyuma ya uwanja wa mpira mpaka jua lipungue. Kwa hesabu ya nyumbani kwake, kufikia hapo hapakuwa na kilima kilichosalia katika nchi nzima.

Hakulinda raha peke yake. Aliogopa siku watakayojua kwamba anashika mpira wa maji. Angebaki Baruti kwa jina tu, kama duka lililofungwa ambalo kibao chake bado kinaning’inia. Mtu wa namna hiyo nani atamnyamazia?

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga hawakuwahi kula nyama kwa utulivu ule.

Miezi ikapita. Nyumba ikaanza kubadilika bila yeye. Asubuhi moja alitoka kunawa akamkuta uani kijana mwenye fulana ya ndani, anapiga mswaki.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

Kijana akatema povu, akaingia chumba cha nyuma, ambacho Baruti alikijua kuwa cha magunia ya mkaa, akafunga mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. Baruti akabaki na kopo la maji mkononi. Kumwuliza mkewe ni kukaribisha maneno, na mwenye baruti hakaribishi maneno. Akanawa. Kwa majuma kadhaa akawa anaitikia salamu za kijana yule kwa heshima zote, asijue kama ni mpwa, mkwe, au mwizi mwenye adabu.

Jioni nyingine alirudi amechoka, akanyoosha mkono kusukuma mlango wake, na pua yake ikakita kwenye ukuta mbichi. Pale palipokuwa na mlango tangu nyumba ijengwe palikuwa na tofali na saruji ambayo haijakauka.

“Pitia huku, baba watoto,” sauti ya mkewe ikasema kutoka upande wa dirisha. Dirisha lilikuwa limekuwa mlango. Ulipinda kidogo kushoto, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza fundi ni nani. Baruti alipanguza saruji puani, akapitia huku.

Ndipo siku moja ya Jumamosi, mchana, akaona sanduku.

Lilikuwa wazi juu ya kitanda cha binti yake. Binti huyu alikuwa mtu mzima sasa, anashona vifungo na pindo kwa fundi wa barabara ya pili, na hakuwa msemaji. Alikuwa akikunja nguo zake kwa utaratibu, za kazi huku, za kutokea kule. Baruti alipita mara ya kwanza akajifanya haoni. Alipita mara ya pili akaona kikombe. Kikombe cha bati cha binti mwenyewe, chenye mpini uliobonyea, amekifunga ndani ya soksi na kukichomeka kwenye kona. Mtu anayekwenda kutembea habebi kikombe chake.

Akamfuata mkewe kwenye mkaa.

“Sanduku la nani lile?”

Mkewe hakuinua kichwa. Alikuwa akipanga mkaa kwenye debe, ule mkubwa juu, wa vumbi chini. “Kwani kesho una baruti?”

“Kesho Jumapili.”

“Ndiyo maana nauliza.”

Baruti akapima maneno. Akisema hana, foleni nzima ya miezi yote itamwangukia. Akisema anayo, hatajua.

“Ninayo,” akasema. “Kidogo tu.”

“Basi, mume wangu, usijichoshe na masanduku.”

Akabaki uani akijifanya anakaza kamba za viatu. Aliona binti yake akimpa msichana wa jirani kandambili zake. Aliona wakikumbatiana. Halafu yule kijana wa chumba cha nyuma akatokeza kichwa. “Dada, ni lile basi la saa nne kesho?”

“Hilohilo.”

“Nitakusindikiza mpaka njia panda.”

Baruti alikaza kamba mpaka ikakatika. Mtu ambaye yeye hajui hata kama ni ndugu au mwizi anajua binti yake anasafiri na basi gani. Yeye baba hajui anakwenda wapi, wala kwa nini, wala kama atarudi. Saa nne kesho basi litaondoka, na yeye atakuwa nyuma ya uwanja wa mpira analipua hewa.

Jumapili asubuhi alivaa kofia yake ya kazi. Chai ililetwa bila neno. Shemeji alikuwa amekwisha fika kubeba sanduku, naye akaketi kimya, mikono magotini, kama mtu aliye msibani. Binti akaja kusimama mbele ya baba yake.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

“Kazi njema.”

Hakuondoka mara moja. Alisimama, akamtazama. Kisha akarudi chumbani.

Baruti alitoka kwa mlango uliopinda. Alifika barabarani. Alipiga hatua chache kuelekea uwanjani, akasimama, akageuka. Mwanamke aliyekuwa akifagia mbele ya duka alisema baadaye kwamba alimwona akiongea peke yake na kunyoosha mikono mbele, anaitazama. Akarudi ndani akasimama katikati ya sebule, kofia kichwani.

“Hakuna baruti,” alisema.

“Imeahirishwa?” mkewe akauliza.

“Haijaahirishwa. Hakuna leo, haikuwepo jana, haipo tangu mashine ije. Mimi nashika mpira wa maji. Nanyeshea vumbi.”

Alisubiri kupasuliwa kama mwamba. Mkewe alimtazama binti, binti akamtazama mjomba wake, mjomba akatazama dari, ambayo pia aliijenga yeye. Halafu sauti ndogo ikatoka puani mwa mke, kama ya birika linaloanza kuchemka. Akajiziba kwa kanga. Haikusaidia. Kicheko kikamlipuka, akajiegemeza ukutani, shemeji akadakia, na yule kijana aliyekuwa mlangoni akaketi chini kabisa, anashika mbavu.

“Mnacheka nini?”

“Mume wangu,” mkewe alisema alipopata pumzi, “nguo zako anafua nani? Zamani zilirudi na harufu ya baruti mpaka kunguni wa nyumba hii wakawa wanakohoa. Sasa zinarudi na tope hadi magotini. Mwamba gani unalipuliwa kwenye tope?”

“Ulijua.”

“Tangu juma la kwanza.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema lini, na wewe una baruti?”

Wakacheka upya. Baruti akavua kofia, maana ilianza kuwa nzito.

“Na nikwambie ukweli,” mkewe akaendelea, sasa anapangusa machozi, “ilinifaa. Nyumba hii kila nilichotaka kukifanya ulibisha mpaka kikaoza. Nikasema, acha, funika kombe mwanaharamu apite. Nimepangisha chumba cha nyuma. Nimehamisha mlango. Redio yako mbovu nimeiuza. Dada yako alikuja kugombana, nikamgombeza kwa niaba yako, akaondoka. Jirani wa mbuzi amehama, na mbuzi wake wapo.”

“Mimi ndiye mpangaji, mzee,” kijana akasema kutoka sakafuni. “Naendesha mashine ya kusaga nafaka.”

“Nilidhani u mkwe.”

“Hapana, mzee.”

“Nilikwisha kuanza kukuzoea.”

“Shem,” shemeji akajongea, “kwa vile leo ni siku ya maneno, kuhusu ule ukuta wa mbele—”

“Wewe nyamaza. Pua yangu inaujua ukuta wako kuliko wewe.”

Yakamwagika yote. Waliongea kwa pamoja, mambo ya miezi yakisukumana kutoka mlango mmoja, na Baruti akawa anageuza kichwa huku na huku, hajui ajibu lipi. Kuna la mpangaji na foleni ya choo, kuna la mteja wa mkaa, kuna la kuku waliokuwa wamelala na hawakuamka. Alifoka kidogo kwa ajili ya redio. Ilimtoka vizuri.

Aliyekuwa hacheki wala haongei ni binti. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, sanduku miguuni.

“Na wewe,” Baruti akasema, na wengine wakapunguza sauti. “Unakwenda wapi?”

“Kiwandani. Mbali. Wanatengeneza magodoro na mito, wameniajiri kushona.”

“Mito.”

“Nimekulia kwenye nyumba ya baruti, baba. Acha nikashone mito.”

“Na hukuniambia.”

“Nilikuja siku waliyoniita. Ukasema kesho kuna baruti kubwa. Nikaja kesho yake. Baruti. Nilijua hakuna baruti, mama aliniambia. Nikasema labda mwenyewe utachoka useme.”

“Ungeniambia tu. Mama yako si kaamua kila kitu bila mimi? Ungeamua na wewe, ukaondoka.”

“Nimeamua,” binti alisema. “Lakini nilitaka unikataze.”

“Nini?”

“Unikataze, baba. Halafu nikubishie. Mtu hawezi kuondoka nyumbani na hakuna aliyemkataza. Anakuwa kama amefukuzwa.”

Baruti alimtazama binti yake, akatazama sanduku, akatazama saa ya ukutani. Nyusi zake zikakutana, kila moja kwa njia yake.

“Huendi,” akasema.

“Naenda.”

“Nimesema huendi. Nani atakupikia huko?”

“Kwani hapa ananipikia nani?”

“Pamba ya mito ina vumbi. Itakuua kifua.”

“Na mawe yanatoa marashi?”

“Unamjibu nani hivyo?”

“Nakujibu wewe, baba.”

“Jamani, basi,” mkewe akasema, anafunga kanga yake kwa safari. “Kama ni kugombana, gombaneni mnatembea.”

Wakatembea. Sanduku lilichukuliwa na shemeji, likamponyoka mara mbili, na Baruti akalipokonya akalibeba mwenyewe begani huku akimkataza mwenye nalo asiende. Watu walitoka milangoni kuwatazama. Hata waliozoea kelele za nyumba ile walisema zilikuwa zimekosekana muda mrefu. Baba alisema mji ule hauna watu wazuri. Binti alisema ataongeza mmoja. Baba alisema atarudi kabla mwezi haujaandama. Binti alisema sawa, akirudi amkute amenunua redio nyingine. Baruti alizidi kupaza sauti, na binti yake, ambaye hajawahi kuongea hivyo maisha yake yote, alikuwa amechangamka usoni kama aliyekimbia.

Njia panda basi lilikuwa linapasha injini moto. Mpangaji alipandisha sanduku. Binti alimkumbatia mama yake muda mrefu, akampa mjomba mkono, akamgeukia baba yake.

“Bado umenikataza?”

“Bado.”

“Haya, baba,” akasema, akapanda.

Mlango ukafungwa. Basi likaanza kuondoka taratibu, na Baruti akatembea nalo sambamba, kisha akaharakisha, kisha akaupiga ubavu wa basi kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu. Dereva akafunga breki akidhani kuna abiria kasahauliwa, akachungulia nje.

“Kuna nini, mzee?”

“Subiri,” Baruti alisema, akipumua, anaelekea dirishani kwa binti yake. “Sijamaliza.”